Ada za Dini za Familia Ugenini: Nani wa Kuzibeba?

Mwezi uliopita rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaishi Canada na mkewe na watoto watatu, alinipigia simu ikiwa kwetu ni usiku wa manane. Tuliulizana hali, tukagusia siasa kidogo, kisha akanyamaza hata nikadhani simu imekatika. Ndipo aliposema: "Mwenzangu, watoto wangu wanasali, wanafunga, na Kurani wanaisoma vizuri kuliko nilivyoisoma mimi. Lakini Idi hawaijui. Kwao ni siku ya kwenda msikitini na kurudi. Nimekosea wapi?"

Usiku ule nilimpa maneno ya kumliwaza tu, maana sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, na naiandika hadharani kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Nianze kwa kukiri upungufu wetu sisi tunaoandika juu ya siasa na jamii. Tunapowazungumzia Watanzania waishio ughaibuni, aghalabu huwa tuna mada mbili: fedha wanazotuma nyumbani na uraia pacha. Sheria ya Uraia ya 1995 imejadiliwa bungeni, magazetini na katika kumbi za vyuo vikuu, na mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, sijapata kuhudhuria kongamano hata moja lililomuuliza mzazi aliye ughaibuni usiku wa kuamkia Idi, au mkesha wa Krismasi, unapitaje nyumbani kwake. Swali hilo tunaliona dogo, la jikoni na sebuleni. Mimi nimeishi nalo miaka minne, na sikuliona dogo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: ibada na ada. Ibada ni yale ambayo dini imemtaka muumini ayafanye popote alipo, kama vile sala, saumu na zaka. Kibla kipo Unguja na kipo Toronto. Ada ni namna familia fulani, katika mtaa fulani, ilivyoizungushia ibada ile mapenzi yake, vyakula vyake, maneno yake, na utaratibu wake wa nani afanye nini.

Nyumbani kwetu, Ng'ambo ya mji wa Unguja, siku chache kabla ya Ramadhani tulivunja jungu. Usiku wa mwezi kuandama baba alituita sote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, akaanza yeye kututaka radhi sisi watoto wake kwa lolote alilotukosea mwaka ule; nasi tukamtaka radhi yeye na mama, kisha sisi kwa sisi. Kila siku kabla ya magharibi mtoto mmoja alichukua sahani ya futari iliyofunikwa kwa kawa akaipeleka nyumba ya jirani, na sahani ile haikurudi tupu. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa tulisoma Yasini tukawarehemu wafu wetu kwa majina. Mfunguo Sita ulipoingia yalisomwa maulidi ya Barzanji, udi ukafukizwa, na marashi yakanyunyizwa viganjani kwa mrashi. Asubuhi ya Idi tuliwabusu wazee mikono, tukapewa fedha za sikukuu, na jioni tukazimalizia Mnazi Mmoja.

Hata kalenda yetu imejengwa juu ya ada hizi. Waswahili waliuita mwezi wa Shawwal Mfunguo Mosi, wakaendelea kuhesabu hadi Mfunguo Tisa, kisha zikaja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Watu hawa walianza kuhesabu miezi yao pale walipofungua saumu. Nilitumia majina hayo tangu utotoni bila kuyatafakari, hadi nilipofika mahali ambapo hakuna aliyeyajua.

Mwaka 2012 niliondoka na mke wangu na watoto wetu wawili kwenda Leeds, kaskazini ya Uingereza, kusomea shahada ya uzamivu. Tulikaa huko hadi mwishoni mwa 2016, na Ramadhani zote nne tulizofunga ziliangukia majira ya joto. Mwishoni mwa Juni jua la Leeds huzama yapata saa tatu na dakika arobaini usiku, na alfajiri haikawii kuingia. Saumu huwa ndefu kupita saa kumi na nane, ilhali ya Unguja haifiki kumi na nne.

Mwanzoni nilidhani urefu huo ndio ungetushinda. Kumbe mwili huzoea. Kilichotushinda ni kwamba ada zetu zilikuwa zimefungamana na saa za kwetu. Futari ya Unguja ni ya watoto kama ilivyo ya wakubwa. Huizunguka wakiungoja mwadhini kwa hamu hata wale wasiofunga. Leeds jua lilipozama watoto wetu walikuwa wamekwisha kulala. Sahani ya jirani nayo utaipeleka kwa nani saa nne kasorobo usiku? Baina ya futari na daku hazikupita saa tano. Ramadhani ya kwanza mimi na mke wangu tulifuturu wawili, kimya, tukiogopa kuwaamsha watoto, kama watu wanaokula kwa kujificha.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo masomo yangu yote hayakuwa yamenifundisha. Ada zile sikuwa nikizitekeleza mimi, wala hakuwa akizitekeleza baba yangu peke yake. Mtaa mzima ndio uliozibeba: mwadhini, vijana wa ngoma ya daku, muuza kaimati wa njia panda, na jirani ambaye angeuliza kulikoni iwapo sahani haikufika. Nyumbani mtu aweza kuwa mvivu wa ada na ada zikamfuata hadi mlangoni. Ugenini ibada ataikuta, kwa kuwa misikiti ipo, lakini ada za nyumbani kwao hatazikuta popote isipokuwa amezibeba mwenyewe.

Sikulitambua hilo mapema. Idi ya Mfunguo Mosi ya 2015 iliangukia Ijumaa, tarehe 17 Julai, siku chache kabla ya skuli kufungwa. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikuwa na mchezo wa kuigiza wa kufunga mwaka darasani kwao. Tulikwenda kusali asubuhi, tukarudi, akavua nguo yake mpya akavaa sare, nikampeleka skuli. Jioni mama yangu alipiga simu kutoka Unguja kumuuliza mjukuu wake Idi imekwendaje. Mtoto akajibu kwa uchangamfu: "Idi ilikwisha asubuhi, Bibi." Mama alicheka kwa adabu, kisha akaomba azungumze nami. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, na wewe ilikwisha asubuhi?"

Wepesi wangu ungekuwa kuilaumu skuli, lakini ningekuwa ninasema uongo. Sheria ya elimu ya England ya 1996 inamruhusu mtoto kukosa masomo katika siku iliyotengwa na dini ya wazazi wake kwa ajili ya ibada. Mimi sikuomba ruhusa. Sikuomba kwa sababu niliona haya kuonekana mgeni mwenye mambo mengi. Nilichagua kutosumbua watu, na gharama ya haya zangu ikalipwa na mtoto.

Katika jambo hili jamii yetu imegawanyika kambi mbili, na kila kambi ina methali yake. Ya kwanza husema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Hao huona kwamba mtu aliyehama amekwisha kuchagua, basi asiwatwishe watoto wake mzigo wa mahali wasipopajua. Ya pili husema, mwacha mila ni mtumwa. Hao hutaka kila kitu kibaki kilivyokuwa, kuanzia saa ya futari hadi aina ya kanzu, na kila kipunguacho hukihesabu kuwa usaliti.

Kambi ya kwanza inasahau kwamba mtoto hufundishwa ada hata pale mzazi asipomfundisha. Kalenda ya skuli, matangazo ya televisheni na madirisha ya maduka humfundisha sikukuu zipi ni kubwa na zipi ni ndogo. Mzazi akinyamaza, mtoto atakuwa amejifunza kwamba sikukuu ya kwao ni ndogo.

Kambi ya pili nayo inasahau historia ya ada zenyewe, maana nyingi kati ya tunazoziita za kwetu zilikuja pwani hii zikiwa wahamiaji. Barzanji ilitungwa Madina katika karne ya 18. Maulidi yanayoifanya Lamu itembelewe kila mwaka yalitungwa Hadhramaut na Habib Ali al-Habshi, na aliyeyasimamisha Lamu ni Habib Swaleh, ambaye asili yake ni Visiwa vya Ngazija na ambaye aliasisi Riyadha. Hawa hawakuishia kubeba maneno. Sayyid Mansab wa Lamu aliitia Barzanji katika mashairi ya Kiswahili ili msikilizaji ajue kinachosomwa. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alianzisha magazeti ya Kiswahili miaka ya 1930 akiyajadili mambo ya dini kwa lugha ya watu wake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Urithi wetu ni kazi ya watu waliohamisha kitu na kukifasiri kwa waliokipokea. Anayetaka kukifungia chupani haufuati mfano wao.

Najua kwamba wapo wanazuoni wasioafiki maulidi, na hoja zao nimezisoma. Makala hii haikusudii kuamua hitilafu hiyo. Nyumba isiyosoma maulidi ina ada nyingine inayoipenda, na swali la nani ataibeba linaihusu vilevile.

Wala msomaji Mkristo asidhani kwamba nasema na Waislamu peke yao. Leeds tulikuwa na familia moja ya Kilutheri kutoka Kilimanjaro. Kwao Desemba ni mwezi ambao mabasi hujaa, na kila aliye Dar es Salaam au Mwanza hupanda kurudi mlimani kwa wazazi. Yule bwana aliniambia kwamba Krismasi yao ya kwanza ugenini walikwenda kanisani, wakarudi, wakaketi wakitazamana, na mkewe akalia. Kanisa lilikuwepo, sala zilikuwepo, lakini mlima haukuwepo. Mwaka uliofuata aliweka sharti kwamba chakula hakiguswi mpaka watoto wameimba wimbo mmoja kutoka Tumwabudu Mungu Wetu na mwingine kwa Kichagga, na kila mtoto ataje ndugu mmoja wa nyumbani na kumwombea. Watoto walinung'unika mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu wakaanza kugombania nani ataanzisha wimbo.

Mahali penye watu wengi, mtaa waweza kujengwa upya. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 akiwapa siku 90, maelfu yao waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilifikia hatua ya kutangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Walikwenda. Leo taa za Diwali katika barabara ya Belgrave ya mji huohuo hukusanya umati mkubwa, na mji wenyewe huzitangaza kwa fahari. Vivyo hivyo, Wazanzibari waliokwenda Oman baada ya 1964 walikuwa wengi kiasi kwamba hadi leo Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za Muscat. Hao walijenga mtaa. Sisi wa Leeds tulikuwa familia chache zilizotawanyika, na rafiki yangu wa Canada yuko katika hali hiyohiyo. Asiye na mtaa afanyeje?

Baada ya Idi ile ya 2015 mimi na mke wangu tuliketi tukaandika katika karatasi ada zote tulizozikumbuka, za kwao na za kwetu. Zilitimia kumi na tisa. Kisha tukajiuliza ni zipi ambazo zikifa, watoto wetu watakuwa watu wengine. Tukabakiwa na nne: kutakana radhi kabla ya Ramadhani, sahani ya jirani, kuwarehemu marehemu usiku wa kuamkia Ijumaa, na kusoma Barzanji mara moja kwa mwaka. Nyingine tuliziacha bila majuto. Mizigo kumi na tisa ingetuvunja mgongo, tukaishia kutobeba hata mmoja.

Kisha mke wangu akasema jambo ambalo nawaomba wanaume wenzangu walisome mara mbili. Nilikuwa nikizungumza kwa hamasa juu ya futari za mama yangu, muhogo wa nazi na mkate wa kumimina, akanikatiza: "Bwana, wewe unakumbuka ladha. Mimi nakumbuka jiko." Alikuwa akifanya kazi za zamu, na Ramadhani zote zile ndiye aliyeroweka mbaazi usiku na kuamka kutayarisha daku. Tukisema kwamba familia imehifadhi mila, mara nyingi maana yake ni kwamba mwanamke mmoja amekosa usingizi. Ada inayombebesha mtu mmoja itakufa siku atakapochoka, na atakuwa na haki ya kuchoka. Basi tuligawana. Daku ikawa yangu. Sahani ikawa ya watoto, kuanzia kupakua hadi kubisha hodi. Usiku wa kuamkia Ijumaa ukawa zamu ya kila mmoja kutaja majina ya marehemu na kueleza walikuwa nani.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniumbua. Kijana wetu, wakati huo ana miaka kumi, aliniuliza Barzanji inasema nini. Nilikuwa nimeisoma tangu nina miaka saba, naijua kwa mahadhi yake yote, nami ni mtu ninayetafuta shahada ya uzamivu. Niliweza kumweleza aya mbili tatu, kisha nikaishiwa. Ilinilazimu nijifunze upya jambo nililodhani nalijua, jioni baada ya jioni, nikilifasiri kwa Kiswahili cha mtoto. Naamini sasa kwamba watoto wengi ugenini huacha ada kwa sababu wamezipokea bila maana, kisha wakaulizwa darasani "hii ni nini?" wakakosa jibu. Chuki yao juu ya ada huja baadaye sana, na wengi hawaifikii.

Mwaka huo Mfunguo Sita uliangukia Desemba, na usiku tuliosoma maulidi ulikuwa wa kuamkia mkesha wa Krismasi. Tulifukiza udi, nao ukaamsha kengele ya moshi, ikalia mpaka jirani yetu, mwanamke mjane wa makamo ya bibi yao, akaja kugonga akidhani tunaungua. Kabla sijatafuta maneno, binti yetu alimweleza kwamba tunasoma habari za kuzaliwa kwa Mtume wetu. Yule bibi akacheka, akasema kumbe wiki hii mtaa wetu una mazazi mawili. Aliingia, akaketi hadi mwisho, na alinyooshea viganja vyake mrashi kama walivyonyoosha watoto.

Februari 2016 mama yangu alifariki. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yetu, nami nilikuwa bado natafuta tiketi. Aliyepata kufiwa akiwa mbali anajua hali hiyo, na asiyejua namwombea asiijue. Usiku ule kaka yangu alituma ujumbe kwa ukoo wote, waliopo Unguja, Mombasa, Muscat na sisi wa Leeds, akigawa juzuu thelathini za khitma ili kila mtu asome sehemu yake kabla ya siku ya tatu. Mimi nilipewa ya kumi na saba. Kijana wangu aliona jina langu katika orodha akauliza: "Yangu ipi?" Nikampigia kaka, naye akampa sura kumi za mwisho za juzuu Amma.

Alizisoma jikoni, taratibu, akirudia alipokosea. Alipomaliza aliniuliza iwapo Bibi atajua kwamba ni yeye aliyezisoma. Nilimwambia tunamwomba Mungu amfikishie. Akasema, "Basi mwambie Ami aandike jina langu." Nilikwenda ukumbini nikalia. Nilikuwa nimeshindwa kumzika mama, lakini kulikuwa na kitu cha mama nyumbani kwangu ambacho hakikufa naye. Kijana asingeuliza "yangu ipi?" kama asingekuwa ameshika zamu za usiku wa kuamkia Ijumaa miezi kadhaa kabla.

Juni ya mwaka huo ilikuja Ramadhani yetu ya mwisho Leeds. Tuliamua kwamba sahani haitangoja jua. Saa kumi na moja jioni watoto waliipeleka kwa yule bibi, wakamweleza kwamba si lazima ale wakati ule. Siku ya pili aliirudisha ikiwa na stroberi kutoka bustanini kwake. Hatukuwa tumemwambia kwamba sahani hairudi tupu.

Kuna watakaosema kwamba watoto wakikua watachagua wenyewe. Nakubali, na sitaki kuwalazimisha. Ada ya kulazimishwa huzaa kinyongo. Lakini mtu huchagua katika anavyovijua. Asiyepata kuonja kitu hajakikataa, amenyimwa tu.

Kuna na wanaohofu kwamba ada hizi zitawatenga watoto na nchi wanamoishi. Hofu hiyo si ya kupuuza, kwani zipo familia zilizofanya ada kuwa ukuta. Kwetu ilikuwa kinyume chake. Miaka mitatu tuliyojitahidi kutosumbua mtu, jirani tulimjua kwa salamu ya mlangoni tu. Udi na sahani ndivyo vilivyomwingiza ndani.

Kwa hiyo nina neno kwa jumuiya zetu za ughaibuni na kwa balozi zetu. Mikutano ya uwekezaji na viwanja ni mizuri, iendelee. Lakini watoto wengi wa Kiislamu wa familia zetu husoma madrasa ambazo dini hufasiriwa kwa Kiingereza au Kiurdu, na wa Kikristo huimba nyimbo ambazo bibi zao hawazijui. Darasa la Kiswahili la Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi, lenye mwalimu anayelipwa japo kidogo, litafanya kazi ambayo hotuba haziwezi kuifanya. Mtoto asiyejua Kiswahili atazungumza nini na bibi yake simuni siku ya Idi? Ada nyingi za familia zetu zinaishi katika lugha hiyo, na lugha ikiondoka hubaki vyakula tu.

Nina neno pia kwetu sisi tulio nyumbani. Niliporejea nilipangiwa kazi Dar es Salaam, tukapata nyumba katika mtaa mpya wenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Ramadhani ya kwanza watoto walibeba sahani kwa furaha, wakabonyeza kengele ya geti la jirani, na mlinzi akawauliza nani amewaagiza. Tumekuwa wageni bila kupanda ndege. Tusimcheke aliye Canada. Na sisi mtaa umetutoka, tofauti ni kwamba hatujautambua msiba wetu. Sahani yetu ilichukua wiki mbili kuvuka geti lile. Sasa huenda na kurudi.

Rafiki yangu, uliniuliza umekosea wapi. Hukukosea zaidi ya nilivyokosea mimi: ulidhani Idi itawafuata watoto kama ilivyotufuata sisi. Usianze na Idi, ni kubwa mno kwa nyumba moja. Keti na mkeo mwandike ada zenu, mchague chache, mgawane kazi, na mumuulize yeye kwanza ni ipi imemchosha. Waeleze watoto maana yake kwa Kiswahili, hata kama watajibu kwa Kiingereza. Na Ramadhani ijayo, mpe yule mdogo sahani iliyofunikwa, mwoneshe nyumba ya jirani, kisha wewe ubaki mlangoni.